Uchambuzi: Ramani iliyoipatia Kenya kilomita 98,950 za barabara

Kwa miaka mingi daftari rasmi la serikali lilionyesha kwamba Kenya ina barabara zipatazo kilomita 62,000. Ukaguzi wa barabara uliotolewa mwaka 2009 ulibadilisha hesabu hiyo kabisa: jumla ilifika kilomita 160,886, na kati yake kilomita 98,950 hazikuwa zimewekwa katika daraja lolote. Hakuna tingatinga lililokuwa limechonga barabara mpya za urefu huo. Kilichobadilika ni namna ya kuzichora na kuzihesabu.

Ramani ambazo wahandisi walirithi kutoka enzi ya ukoloni ziliandaliwa kwa picha zilizopigwa kutoka angani, kisha wachoraji wakazifuatisha kwa kalamu ya wino. Katika ramani za kawaida, sentimita mbili za karatasi ziliwakilisha kilomita moja ardhini. Mstari wa barabara wenye unene wa milimita moja ulifunika mita 50 za ardhi halisi, yaani nyumba, shamba na mtaro kwa pamoja. Kazi hiyo ilikuwa ya ustadi mkubwa, na haifai kubezwa. Lakini karatasi ikishachapishwa ilidumu miongo kadhaa bila kuguswa, ilhali mashamba makubwa yaligawanywa, vijiji vikazaliwa na vichochoro vya mifugo vikageuka njia za malori ya majani chai na maziwa. Daftari la wizara lilitambua barabara zilizopewa herufi A hadi E. Nyingine zilijulikana na waliozipita tu.

Mageuzi yaliwezekana kwa sababu mbili. Mwezi Mei mwaka 2000 Marekani iliacha kupotosha kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake yaliyotumiwa na raia, na kifaa kidogo ndani ya gari kikaweza kuonyesha mahali kilipo kwa tofauti ya mita chache badala ya makumi ya mita. Sababu ya pili ni ya kitaasisi. Bodi ya Barabara, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ilikabidhiwa ushuru unaotozwa kila lita ya mafuta, na haikuweza kugawa fedha kwa haki bila kujua zinakwenda wapi. Wakaguzi walipita barabarani wakinakili njia, upana, aina ya tabaka la juu na hali yake, na habari hizo zikaingizwa katika kompyuta.

Hapo ndipo ramani ilipogeuka suala la siasa. Barabara isiyo kwenye daftari ni vigumu kuitengea fedha za ukarabati, na mkulima aliye kando yake hulipa ushuru uleule anaponunua mafuta. Hata hivyo sheria ilikuwa imekwisha kupanga mafungu: asilimia 40 kwa mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, asilimia 15 kwa ile ya mijini, KURA, na asilimia 32 kwa ile ya mashambani, KeRRA. Ndani ya fungu hilo la mwisho, asilimia 22 ya ushuru wote hugawiwa maeneo bunge kwa usawa. North Horr, lenye maelfu ya kilomita za mraba za jangwa, huhesabiwa sawa na eneo bunge ambalo mtu aweza kulivuka kwa miguu asubuhi moja. Usawa wa namna hii haukuhitaji ramani yoyote, iwe ya wino au ya kompyuta.

Katiba ya mwaka 2010 iliongeza uzito wa jambo hili, kwa kuzikabidhi kaunti barabara zote zisizo za kitaifa. Orodha mpya ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali mwezi Januari 2016: kilomita 39,995 za kitaifa na 121,456 za kaunti. Robo tatu ya barabara za nchi, basi, ziko mikononi mwa magavana. Kwa miaka kadhaa kaunti zilipewa sehemu ya ushuru kama ruzuku yenye masharti. Ruzuku hiyo ilipositishwa, mvutano ukaanza. Mwaka 2024, ambapo ushuru wenyewe ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, wabunge na magavana walivutana waziwazi juu ya shilingi bilioni 10.5, kila upande ukidai kwamba barabara ni zake.

Ramani ya kompyuta ina udhaifu wake. Mstari wenye rangi nzuri hausemi kama daraja lilisombwa na mvua ya wiki iliyopita, wala kama mwenye duka amejenga kibanda ndani ya hifadhi ya barabara. Ile ya wino ilionekana wazi kuwa imechakaa. Hii huzeeka bila kubadilika rangi. Kuihuisha kunahitaji wakaguzi, magari na bajeti ya kila mwaka, na fungu hilo ndilo rahisi kukatwa, kwa kuwa hakuna kiongozi anayealikwa kukata utepe wa takwimu.

Barabara nyingi kati ya zile zilizogunduliwa na ukaguzi wa mwaka 2009 sasa zina nambari na mwenyewe anayetajwa na sheria. Lami bado hazina, na kwa wengi wanaozitumia hata changarawe haijafika.