Kabla Ulaumu Neti, Uliza Kama Jibu Lilirudi

Leo sina klipu ya kuchekesha. Kuna jambo limenikaa kooni tangu msimu wa mvua uliopita, na leo nalitoa.

Shangazi yangu ni karani wa majani chai huku kwetu Bomet. Anapima gunia la kila mkulima kwa mizani ya kielektroniki, anatoa risiti, na jioni mkulima anapata ujumbe kwa simu: leo umeleta kilo kadhaa. Wiki moja ujumbe ukakosa kuja. Siku ya kwanza watu walisema ni neti. Siku ya pili wakasema ni mvua. Siku ya nne mzee mmoja, anayemjua shangazi tangu akiwa msichana, akamwambia mbele ya foleni yote: "Mama, wewe ni mtoto wetu. Rudisha kilo zetu."

Hakuna kilo hata moja iliyokuwa imeibiwa. Lakini ukishaambiwa maneno kama hayo mbele ya majirani, utalala?

Maoni yangu ni haya. Mara nyingi tukisema "neti imekufa", neti iko hai. Ujumbe umeenda vizuri, jibu ndilo limepotea njia. Na kwa sababu sisi huangalia kwenda peke yake, tunaishia kumlaumu mtu aliye karibu: karani, dada wa cyber, kijana wa M-PESA.

Kumbuka tarehe 4 Oktoba 2021. Jioni, kitu saa kumi na mbili na nusu hivi, WhatsApp, Facebook na Instagram zikazima pamoja. Mimi nilizima simu nikawasha, nikanunua bando, nikanunua tena. Jirani yangu alitukana kampuni ya simu mpaka akachoka. Kumbe seva za Facebook hazikuwa zimeungua. Mafundi wao walikuwa wakifanya matengenezo, amri moja ikakata mtandao wao wa ndani, halafu zile taarifa zinazoambia intaneti ya dunia "njia ya kuja kwetu ni hii" zikaondolewa. Nyumba ipo, lakini vibao vyote vya barabarani vimeng'olewa. Ilichukua karibu saa sita kurudi. Bando langu halikuwa na kosa lolote.

Hii kitu ya njia si ngeni kwetu. M-PESA ilianza Machi 2007, lakini mpaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Yaani ulikuwa unasimama Silibwet, unamtumia mama yako mia mbili, na yeye yuko jikoni hatua ishirini kutoka hapo. Ombi linavuka bahari mpaka Ujerumani, hesabu inafanywa huko, jibu linarudi. Na kabla ya hapo kulikuwa na vituko zaidi: barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kwa nyingine ya Nairobi ilipitia ng'ambo kwa setilaiti. Mwisho wa 2000 kampuni hizo zikafungua KIXP, mahali pa kubadilishana mizigo hapa hapa nchini. Telkom Kenya ikalalamika, na serikali ikapafunga baada ya wiki chache tu. Palifunguliwa tena Februari 2002. Kwa hivyo njia ya data haiko tu kama mto. Kuna mtu aliichora, na kuna mtu anaweza kuichora vibaya.

Sasa turudi kwa shangazi.

Kampuni inayonunua majani hayo ni ndogo, na sitaitaja. Ofisini kuna seva moja chini ya meza, inakusanya kilo zote za siku. Jioni seva hiyo inatuma rekodi kwa klaudi, kwa seva ya kukodi iliyo Afrika Kusini. Huko ndiko hesabu inafanywa na ujumbe unatumwa kwa wakulima. Kati ya ofisi na klaudi kuna VPN, yaani njia ya siri iliyochimbwa ndani ya intaneti ya kawaida ili mtu wa kando asisome mzigo.

Shangazi alinipigia simu kwa sababu "wewe unajua kompyuta". Ninachojua ni hiki: nilisoma chuo mpaka mwaka wa pili, karo ikakatika, nikarudi nyumbani. Mambo ya mtandao nimejifunza nusu darasani, nusu YouTube usiku kwa bando la bei rahisi.

Nilipofika nilikuta vita ya simu. Msimamizi wa klaudi, aliye Nairobi, anasema: "Huku naona VPN iko kijani, shida ni yenu." Watu wa ofisi wanasema: "Huku neti iko sawa, shida ni klaudi." Na wote wawili walikuwa wanasema ukweli. Kila mmoja alikuwa anaona nusu ya barabara.

Swali la kwanza nililouliza ndilo muhimu kuliko yote: ni nini kilibadilika? Wakanyamaza. Halafu mmoja akakumbuka: wiki hiyo fundi alikuja kuweka ruta mpya. Na alibadilisha anwani za ofisi, kutoka zile zinazoanza na 192.168.1 kwenda zinazoanza na 192.168.40. Sababu yake ilikuwa nzuri kabisa. Tawi la pili lilikuwa linatumia namba zile zile za kwanza, na huwezi kuunganisha nyumba mbili zenye namba moja.

Kama hujawahi kusikia ruta inafanya nini, fikiria Kaplong. Matatu ikifika pale inachagua: Kericho, Kisii au Bomet. Ruta ni ile njia panda. Ina jedwali: mzigo wa anwani hizi pitia huku, wa anwani zile pitia kule, na mengine yote yaliyobaki pitia barabara hii. Kibao kilichotaja mahali hasa ndicho kinashinda kile cha "kwingineko kote".

Nikapima. Kwanza ping kutoka kompyuta ya ofisi kwenda kwa ruta: ikajibu. Halafu traceroute, ile amri inayoonyesha kila kituo mzigo unapopitia, kwenda kwa seva ya klaudi. Kituo cha kwanza ni ruta yetu. Baada ya hapo, nyota tatu, nyota tatu, nyota tatu. Watu wa ofisi wakaruka: "Si unaona? Haifiki!"

Hapa ndipo wengi tunaanguka. Nyota hazisemi kwamba mzigo haukufika. Zinasema jibu halikurudi. Ni vitu viwili tofauti.

Nikamwambia yule msimamizi kwa simu, kwa heshima: "Boss, mimi nitatuma ping bila kuacha. Wewe fungua rekodi za upande wako, uniambie kama unaona kitu." Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Zinafika. Lakini zinakataliwa mlangoni." Mlinzi wa seva, yaani faiawoli, alikuwa ameandikiwa aruhusu watu wa 192.168.1 pekee. Sisi wa 192.168.40 alituona wageni. Akatufungulia.

Nikatuma ping tena. Kimya.

Ofisi nzima ikaguna. Lakini sasa tulijua mlango uko wazi, kwa hivyo tukasonga hatua moja mbele. Nikamwomba atazame paketi ndani ya seva yenyewe. Akasema: "Ombi linaingia. Seva inajibu. Jibu linatoka." Linatoka, lakini kwetu halifiki. Basi limepotelea wapi?

Likawa jedwali la njia la klaudi. Lilikuwa na mstari mmoja: anwani za 192.168.1 zipitie VPN. Mengine yote yaende intaneti ya wazi. Jibu letu lilikuwa la 192.168.40, halina mstari wake, likatupwa kwa intaneti ya wazi. Na anwani za 192.168 ni za ndani ya nyumba, intaneti ya nje haizibebi. Likafa huko.

Ni kama umehama ploti bila kuambia mtu. Barua unatuma, zinafika. Majibu yanaenda kwa ile nyumba ya zamani, wewe unakaa ukilia kwamba watu wamekutupa.

Na kwa nini rekodi za kilo hazikupita, kama kwenda kulikuwa sawa? Kwa sababu seva hazipokei mzigo bila salamu. Huyu anapiga hodi, yule anajibu karibu, huyu anasema asante naingia, ndipo mzigo unashuka. Karibu isiposikika, mgeni anabaki mlangoni na gunia lake.

Msimamizi akaongeza mstari mmoja. Ping ikajibu. Dakika chache baadaye simu ya shangazi ikalia, ya jirani ikalia, kilo za siku nne zote zikaingia. Shangazi aliangalia ile seva chini ya meza akauliza: "Kwa hivyo kilo zilikuwa hapa hapa?" Nikamwambia zilikuwa hapa hapa, Shangazi. Hakulia, lakini alikaa chini.

Najua kuna mtu atasema: lakini wakati mwingine ni kebo kweli. Ndiyo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Afrika Kusini na Afrika Mashariki yote ikahisi. Siku kama hiyo hata ukiwa gwiji huna la kufanya huku Bomet. Lakini siku hiyo wote mnaumia pamoja. Kama ni ofisi yako pekee inaumia, acha kuangalia baharini, angalia jedwali lako.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Moja: kila ofisi yenye klaudi iwe na daftari, hata la shilingi hamsini, limeandikwa anwani zake, na anayebadilisha namba apigie upande wa pili kabla hajaondoka. Mbili: pima kwenda na kurudi, na watu wa pande zote mbili wawe kwa simu wakati mmoja. Ping ndogo ikipita lakini faili kubwa zinakwama, usishangilie bado. VPN inakula nafasi kidogo kwa kila paketi, na mzigo mkubwa unaweza kukwama wakati mdogo unapita. Tatu: asilaumiwe mtu yeyote kwa wizi kabla njia haijafuatwa mwisho hadi mwisho. Risiti za shangazi zilikuwepo siku zote nne. Hakuna aliyeziomba.

Na kwa wenye ofisi: kuna vijana hapa Bomet, Sotik, Longisa, wanaojua haya au wanaweza kujifunza kwa miezi michache. Wafundisheni. Kama wote wanaojua wako Nairobi, hakuna jicho upande huu, na karani ndiye atabeba lawama.

Sisemi mtu aache shule. Mimi nikipata karo kesho nitarudi darasani, tena nikae mbele. Nasema tu kwamba kufuata njia hatua kwa hatua hakuhitaji cheti. Kunahitaji subira, na kukubali kwamba labda shida iko kwako.

Yule mzee alirudi wiki iliyofuata na magunia yake. Hakuomba msamaha. Alisimama, akapimiwa, akachukua risiti, akaikunja vizuri akaiweka ndani ya kofia. Shangazi alimwambia asante. Mimi ningekuwa sijui ningesema nini. Wewe je? Niandikie hapo chini.