Maharage ya Mama Hayahitaji Ngano

Nyumbani kwetu Shanwe, pale Mpanda, maharage ya nyama yenye pilipili ndicho chakula cha wageni. Nyama inachemshwa mpaka ilainike, vitunguu na nyanya vinakaangwa kwa mafuta ya alizeti, maharage yanaingia, halafu pilipili mbuzi inawekwa nzima, isipasuke. Mwishoni mama alikuwa anakoroga vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye maji baridi na kumimina, mchuzi uwe mzito. Vijiko viwili tu, lakini vilitosha kumlaza mdogo wangu siku mbili. Vipimo vilionyesha ana ugonjwa wa seliaki: akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, kinga ya mwili inaushambulia utumbo wake mwenyewe.

Wapo wanaosema hayo ni magonjwa ya Wazungu, au ni maringo tu ya kuchagua chakula. Mimi sikubali. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliona wagonjwa wake wakipata nafuu mkate ulipoadimika kwenye njaa ya 1944 na 1945. Watoto wenye njaa wanaringaje?

Tena sisi tuna nafuu. Ugali wa mahindi, wali, mhogo, viazi, vyote havina gluteni. Kwenye sufuria yetu ngano ndiyo mgeni. Sasa mama anatia karanga zilizosagwa, na bibi anacheka kwamba tumerudi kwenye upishi wake. Mwenye mzio wa karanga aponde maharage kidogo humo humo, mchuzi unashika vilevile.

Kazi ipo nje ya nyumbani. Mashine inayosaga ngano na mahindi kwa zamu, soya sosi, viungo vya paketi, mafuta yaliyokaanga maandazi kisha chipsi. Hapa chuoni ukiuliza kantini mchuzi umewekwa nini, unajibiwa, "Wewe kula bwana, foleni ndefu." Mimi nataka serikali yetu ya wanafunzi idai kitu kidogo: ubao wa menyu useme kilichotiwa ngano, na mboga moja kila siku ipikwe bila hiyo, kwa mwiko wake.

Na wewe ambaye tumbo linakusumbua kila ukila chapati, usiiache kabla ya kupima. Ukishaacha ngano muda mrefu, kipimo cha damu kinaweza kisione kitu.