Ikigoma, usikimbilie volti

Kimota changu cha umeme tuli ni kikombe cha plastiki kilichopinduliwa juu ya ncha ya sindano ya cherehani. Ubavuni nimebandika vipande vya foili, na ndani ya kitako nimegundisha kifungo cha kubana chenye kishimo cha kupokea ncha. Kila anayekiona ana neno.

"Bila sumaku? Hicho ni kiini macho." La. Andrew Gordon, mtawa Mskoti aliyefundisha Erfurt, Ujerumani, alizungusha vifaa kwa umeme tuli katika miaka ya 1740. Ni mwaka 1820 tu ndipo mwanafizikia Oersted alipogundua kwamba mkondo wa umeme husogeza sindano ya dira, kama sumaku.

"Ikigoma, ongeza volti." Hapa ndipo wengi hupotea, nami nilikuwamo. Hewa ya kawaida huhimili takriban volti 3,000 kwa milimita moja. Ukizidisha, unapata cheche. Hata kwenye kikomo hicho, uga wa umeme hubeba nishati ya jouli 40 hivi kwa mita ya ujazo, ilhali uga wa sumaku wa tesla 1 hubeba kama 400,000. Nguvu ni ndogo mno, na msuguano huimaliza. Beringi yangu ya kwanza niliitoa kwenye kiatu cha magurudumu. Nikapuliza, ikasimama kabla ya kumaliza nusu mzunguko: grisi! Nikaiosha kwa mafuta ya taa, ikalegea kidogo. Sindano iliishinda kwa mbali, kwa kuwa msuguano wake uko karibu kabisa na mhimili, hauna mkono wa wenzo wa kuzuia mzunguko. Kwa hiyo pima kabla ya kuwasha: puliza, kisha hesabu sekunde mpaka kikombe kisimame.

"Basi tutaendesha nyumba kwa umeme wa angani." Oleg Jefimenko wa Chuo Kikuu cha West Virginia aliendesha mota kwa umeme huo, ni kweli. Lakini siku ya anga tulivu, mkondo wote unaoshuka kwenye kilomita moja ya mraba ni kama sehemu mbili kwa milioni za ampea moja. Taa haiwaki.

"Unyevu hauna neno." Waulize Chuo Kikuu cha Oxford. Kengele yao ya umeme tuli inagonga tangu 1840, na mara chache iliponyamaza kwa muda, sababu ilikuwa unyevu. Ukiwa Tanga au Mombasa, kausha kikombe kwa mashine ya kukaushia nywele kwanza.