Sadaka ya mafuriko: toa hela, halafu uliza

Nilipotea kidogo, tesiti zilituandama, lakini nimerudi. Mvua imepiga usiku kucha na leo asubuhi Uluguru haionekani kabisa, imejifunika wingu mpaka chini. Mgeni atasema pazuri. Ukishakaa Moro miaka miwili mitatu unaanza kuwaza Ngerengere imefika wapi.

Jumapili kanisani tulitangaziwa sadaka ya pili, ya waathirika wa mvua. Jirani yangu wa bweni, muumini mzuri tu, akaninong'oneza: "Tena? Zaka, jumuiya, ujenzi, na sasa mafuriko? Mimi nina elfu tatu mpaka bumu litoke." Nikacheka, lakini na mimi mkono ulikuwa mfukoni umeshika noti ya elfu tano, na hautoki. Nikatoa mia tano. Toka siku hiyo sijatulia, ndiyo maana naandika.

Jamani, mkoa wetu huu maji yanaujua. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja tuta lake Kilosa, ukabeba nyumba na kuharibu reli ya kati. Watu zaidi ya 20,000 wakakosa makazi, na waandishi walishaondoka zamani huku wenzetu bado walikuwa kwenye mahema. Na huku juu, Mgeta, tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha kama milimita 100 kwa muda usiofika saa tatu, na maporomoko yaliyohesabiwa yakapita 1,000. Mnaosoma mambo ya udongo mnaijua hiyo hadithi.

Sasa fikiria barabara ya kupanda Mgeta siku kama hiyo. Nani yuko kule tayari, kabla gari lolote halijatoka mjini? Misheni ipo, katekista yupo, na zile jumuiya ndogo ndogo zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Mwenyekiti wa jumuiya anajua bibi gani anaishi peke yake na nani ana mtoto mchanga. Hiyo orodha huwezi kuitengeneza ofisini Dar kwa siku mbili. Mimi hapo ndipo naliamini kanisa, wala sisemi kwamba watu wake ni watakatifu kuliko wengine. Msikiti wa kijijini nao una orodha yake, na Uluguru ni ya Waislamu na Wakristo, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja.

Kuna wanaosema hii ni kazi ya serikali. Kweli ni kazi yake. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alitangaza kuwa mvua za El Niño zimeua watu 155 na kugusa kaya zaidi ya 51,000 nchi nzima. Na Hanang, ambako tope la mlimani liliua watu zaidi ya 80 Desemba 2023, nyumba 109 za waathirika zilikabidhiwa Desemba 2024. Silaumu, nyumba haioti kama uyoga. Lakini katikati hapo kuna mwaka mzima wa kula, kuvaa na kununua madaftari.

Halafu kuna wale wa "wamejitakia". Hili liliniuma sana kwa habari ya Msamvu, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, likaua watu zaidi ya 100. Mpaka leo ukiitaja kantini utamsikia mtu: si walikwenda kuchota petroli? Sawa, walikwenda. Aliyeungua ngozi bado anahitaji dawa, na mtoto wake hakuchota kitu. Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada, pamoja na Caritas na Shirikisho la Kilutheri Duniani, yalikubaliana kwamba msaada unatolewa kwa kuangalia shida tu, bila kujali dini, na usitumike kueneza imani. Kanisa likianza kuuliza nani ana kosa au nani ana cheti cha ubatizo, mimi hela yangu narudi nayo.

Tena hela, sio nguo! Mwaka jana tulikusanya nguo hapa bwenini. Nilikuwa kwenye kuchambua: kiatu cha mguu mmoja, gauni la sendoff, tai nne. Wapi na wapi? Mtu ametoka majini anataka ndoo, sufuria, godoro, sembe na dawa ya kutibu maji. Ifakara kuna maduka, kanunue huko huko, na muuza duka naye ainuke kidogo. Kusafirisha marobota ya nguo nako ni dizeli.

Ila jirani yangu ana hoja, na nisimwonee. Nilipokuwa sekondari, parokia moja niliyosali (siitaji) ilichangisha kwa ajili ya maafa, Jumapili iliyofuata tukatajiwa kiasi, basi. Hakuna aliyesema zilikwenda wapi. Zaka tunasomewa mpaka jina la asiyetoa, hii kimya. Mtu akishaona hivyo mara moja, mara ya pili anatoa mia tano. Kama mimi.

Kwa hiyo jana nimekwenda kwa mhazini, mama mtu mzima. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikampa ile elfu tano, nikajikaza nikauliza za mara iliyopita zilifanya nini. Akanitazama juu ya miwani. Nikajua nimeharibu. Akafungua daftari: magodoro, mahindi, nauli ya gari, risiti zimebandikwa kwa gundi. Nikamwuliza, mama, kwa nini haya hayasomwi kanisani? Akasema hakuna aliyewahi kuomba yasomwe, na kwamba Jumapili atamwambia katibu ayasome.

Jumamosi naenda kusaidia kupakia gari. Jirani yangu amesema atakuja kama kuna chai.