Nyuki Wasio na Mzinga Nao Wanalisha Watoto Wetu

Huenda mkashangaa kuona ukurasa wa afya mwezi huu ukizungumzia nyuki, tena si habari ya asali. Wengine watasema muuguzi ameacha bandeji na sindano, ameingilia kazi ya bwana shamba. La hasha. Katika kliniki ya watoto tunapima uzito, tunafundisha lishe, na kila baada ya miezi 6 tunawapa matone ya vitamini A watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Lakini mtoto haleti sahani yake kliniki. Anakula nyumbani, na chakula chake hutoka shambani kwa wazazi wake. Na huko shambani wako vibarua wasiolipwa na mtu yeyote, ambao tunawachoma moto, tunawamwagia mafuta ya taa na kuwanyunyizia sumu pasipo kujua kazi yao. Maoni yangu ni haya: anayeharibu viota vya nyuki wa porini anapunguza chakula bora katika nyumba yake mwenyewe.

Tuanze na boga. Akina mama wengi hulalamika: "Mwaka huu maboga yangu yametoa maua tele, lakini vitoto vyake vinageuka njano, vinaoza nchani na kuanguka." Wapo wanaosingizia jua, na wapo wanaosingizia jicho la jirani. Mara nyingi sababu ni nyingine. Mboga ya maboga ina maua ya namna mbili, dume na jike. Ua jike utalitambua kwa kale kaboga kadogo kaliko chini yake. Ili kaboga hako kakue, ni lazima ule unga wa njano wa ua dume, uitwao chavua, ufikishwe kwenye ua jike. Unga huo ni mzito na unanata, hivyo upepo hauwezi kuupeleka. Tena ua hufunguka alfajiri na kufunga kabla jua halijawa kali sana. Asipopita nyuki asubuhi ile, basi, boga hilo halipo tena. Na zikifika punje chache tu za chavua, boga huwa dogo au huota upande mmoja.

Niseme kweli, si kila zao linahitaji nyuki. Mahindi na mpunga hutegemea upepo au hujichavusha yenyewe. Ndizi, mihogo na viazi hatuvipati kwa kazi ya nyuki. Maharage nayo kwa sehemu kubwa hujitosheleza. Kwa hiyo hata nyuki wakiisha wote, ugali hautakosekana mezani. Tutashiba, lakini kushiba si kulishwa. Vitakavyopungua ni maboga, matango, matikiti, maparachichi, pasheni, maembe, bilinganya na alizeti. Hata mboga za majani kama sukuma wiki, ambazo tunakula majani yake, huhitaji wadudu wa kuchavusha ili zitoe mbegu za kupanda mwakani. Hivi ndivyo vyakula tunavyowahimiza wazazi kila siku kuwapa watoto na akina mama wajawazito. Boga la rangi ya chungwa na embe bivu humpa mtoto vitamini A, inayolinda macho yake na kuupa mwili nguvu ya kupambana na magonjwa kama surua na kuhara. Mafuta ya alizeti na parachichi husaidia mwili kuipokea vitamini hiyo.

Jambo hili si la muuguzi mmoja tu. Mwaka 2015 jarida la udaktari liitwalo The Lancet lilichapisha hesabu za watafiti waliojiuliza ingekuwaje kama wadudu na wanyama wote wanaochavusha mimea wangetoweka duniani. Walikadiria kwamba vifo vingeongezeka kwa watu milioni 1.4 hivi kila mwaka kwa sababu ya upungufu wa matunda, mboga na mbegu za kula, na kwamba watu milioni 71 katika nchi maskini wangeanza kupungukiwa na vitamini A. Macho ya mtoto na matundu ya nyuki ni mambo yanayokwenda pamoja.

Sasa, tukisikia neno nyuki tunafikiri mzinga. Nyuki wa asali ni wetu, nao wanafanya kazi kubwa. Lakini duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na walio wengi hawana mzinga, hawana malkia, wala hawaweki asali ya kurina. Kila jike hujijengea kiota chake mwenyewe. Tuwatazame wachache.

Kwanza, wako wanaochimba ardhini, na hao ndio wengi kuliko wote. Kando ya njia, kwenye kingo za matuta au katika uwanja uliofagiliwa utaona kitundu chembamba chenye kichuguu kidogo cha udongo mdomoni. Huyo si siafu. Ni mama nyuki. Ndani amechimba vyumba vidogo, na katika kila chumba ameweka donge la chavua na maji matamu ya maua, akataga yai moja juu yake na kuziba mlango. Mwanawe atakula akiba hiyo gizani, na atatoka msimu mwingine maua yakichanua. Jembe likipita hapo kwa kina, au mahali pakimwagiwa saruji, kizazi kizima kimekwisha.

Pili, yuko yule nyuki mkubwa mweusi avumaye kama injini, anayetoboa mbao na magogo makavu. Tumwite nyuki seremala. Huyu ndiye fundi wa pasheni. Ua la pasheni ni pana, na nyuki wa asali ni mdogo, mara nyingi huchukua chavua bila kugusa panapotakiwa. Seremala akiingia, mgongo wake unagusa kila kitu. Pasheni ya njano inahitaji chavua ya mti mwingine, na asiyekuwa na seremala shambani kwake hulazimika kuchavusha ua moja moja kwa kidole.

Tatu, wako wanaokata majani. Ukiona majani ya mti yamekatwa pembeni kwa umbo la nusu duara, safi kama kwa mkasi, usikimbilie dawa. Nyuki amechukua vipande hivyo akatandike kiota ndani ya tete, bua lenye uwazi au ufa wa ukuta wa udongo. Nne, wako nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa pamoja katika pango la mti au ukutani, na asali yao hupendwa sana kama dawa.

Iko na siri ya bilinganya na nyanya. Chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani. Nyuki seremala na baadhi ya nyuki wa ardhini hulishika ua, hutetemesha mwili kwa mvumo mkali, na unga ukamwagika. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti Gemmill-Herren na Ochieng walichunguza mashamba ya bilinganya na kutoa matokeo yao mwaka 2008. Waliona kwamba wachavushaji ni nyuki wa porini, na kwamba nyuki hao wanategemea pori lililo kando ya mashamba, kwa maana ua la bilinganya halina maji matamu ya kuwatosheleza. Ukifyeka kichaka chote ili uongeze tuta moja la bilinganya, unaweza kupunguza mavuno ya matuta yote. Nyuki wengi wadogo hawaruki mbali, huishia mamia machache ya mita. Kiota kikiwa mbali, ni kama hakipo.

Mtu atauliza: "Sista, bila dawa ya wadudu nitavuna nini?" Swali ni la haki, nami sisemi mkulima aache mazao yaliwe. Ninasema asinyunyizie asubuhi maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Kama ni lazima, anyunyizie jioni jua likizama, kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye kibandiko, na asichanganye dawa mbili kwa kudhani zitakuwa kali zaidi. Sumu inayomuua nyuki haimchagui nyuki peke yake. Hospitalini tunawafahamu wagonjwa wanaoletwa wakitokwa jasho na mate mengi, wakitapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kamwe usiweke dawa ya shamba katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma kibandiko, na chupa ya soda haina.

Mwingine atasema: "Nyuki wanauma." Nyuki wanaoishi peke yao huuma mara chache sana, labda ukiwashika au kuwakanyaga, na madume hawana mwiba kabisa. Nyuki wa asali ni habari nyingine, usiwachokoze. Akikuuma, toa mwiba upesi kwa kuukwangua na ukucha, osha kwa sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Lakini mtu akivimba uso au ulimi, akipumua kwa shida, akizimia, au akiumwa na nyuki wengi, mkimbizeni hospitali saa ile ile.

Na kuhusu asali ya nyuki wadogo, nawaomba mambo mawili. Msikate mti mzima kwa ajili ya kikombe kimoja cha asali. Na msimpe asali mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata kama bibi anasema ni dawa ya kikohozi, kwa maana inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza mwili wa mtoto mchanga. Miezi 6 ya kwanza, maziwa ya mama yanatosha.

Basi tufanye nini? Hayahitaji fedha:

1. Acheni ukanda mwembamba usiolimwa wala kuchomwa pembeni mwa shamba, na maua ya porini yaote humo.

2. Ukiona vitundu vya nyuki ardhini, weka alama ya kijiti na ulime pembeni yake.

3. Acheni magogo makavu machache na matete kandokando ya shamba. Seremala akitoboa kenchi za nyumba, zipake rangi, kwa sababu hapendi mbao zilizopakwa. Usimmwagie mafuta ya taa.

4. Msichome moto kusafisha shamba. Moto hula mabua na magogo pamoja na watoto wa nyuki waliomo.

5. Pandeni mimea inayochanua kwa zamu, ili nyuki wasikose chakula baada ya msimu wa boga kwisha.

Najua wapo wanaogawa mizinga vijijini, na ni kazi njema. Lakini mzinga mmoja hauwezi kuchukua nafasi ya mafundi wote hawa, kila mmoja na ufundi wake. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mimi naongeza kwamba hata nyuki asiye na asali anafaa kufuatwa, kwa sababu mwisho wa njia yake mna boga la mtoto. Ningefurahi kama katika jumuiya zetu, siku tunapozungumzia lishe ya watoto, tungezunguka pia shamba moja pamoja na watoto wenyewe, wakatafuta vitundu hivyo na kuhesabu. Watoto wana macho makali kuliko sisi. Mtoto aliyekwisha kuona mama nyuki akiingia tunduni na mzigo wa chavua miguuni hataziba tundu hilo kwa udongo, na kesho atamkataza baba yake kupitisha moto.