Bastola yako inaishia Busia

Mwenye duka wa Mpumudde anayefunga safari alfajiri kwenda kununua mzigo Busia, au anayekata kona Nakalama kuelekea Mbale, ana hofu ya haki. Pesa taslimu ziko mwilini, barabara bado ina giza, na siku za soko zinajulikana na kila mtu, wakiwemo wezi. Ndiyo maana swali la bastola haliishi midomoni mwa wafanyabiashara: ndogo au kubwa, ibebwe kiunoni au kwenye mkoba? Ni swali halali na linastahili jibu. Lakini kwa mtu anayevuka mpaka kuna sifa moja inayotangulia zote: je, silaha hiyo utakuwa nayo pale utakapokuwa hatarini? Kwa wengi wetu jibu ni hapana.

Tuanze na sheria. Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, Kenya ina yake, Sura ya 114, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2015. Kila nchi hutoa kibali chake, na kibali cha Kampala hakina nguvu Nairobi wala Dar es Salaam. Tangu 2014 Mganda na Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Februari 2018 marais wa nchi zote mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ili mizigo isikaguliwe mara mbili. Mahindi, samaki na nguo vimefunguliwa njia. Bastola haikufunguliwa, na haikusudiwi kufunguliwa: Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka serikali za ukanda huu zidhibiti silaha ndogo zisizagae mipakani. Ukivuka nayo bila kibali cha upande wa pili, kusema ulikuwa unajilinda hakutakuokoa. Utashikiliwa kwa kosa la jinai, na mzigo wako utaoza ukikusubiri.

Kwa hiyo ushauri wa bastola unamhusu anayefanya biashara ndani ya nchi yake tu, tena mwenye kibali mkononi. Huyo asidanganywe na sura ya silaha. Bastola ndogo sana hujificha vizuri chini ya shati, lakini kwa kuwa ni nyepesi inaruka mkononi kila inapofyatuliwa, na kulenga nayo ni kazi. Kubwa hutulia mkononi, ila joto la Jinja halikuruhusu kuvaa koti, na kila mtu ataiona. Inayofaa ni ya kati, ambayo vidole vyote vinapata pa kushika. Itumie risasi za kawaida, kama zile za milimita 9, kwa sababu risasi adimu zitakunyima mazoezi, na bastola isiyofanyiwa mazoezi ni mzigo tu.

La pili ni usalama wake inapokuwa haitumiki, maana huo ndio wakati mwingi wa maisha yake. Ipo bastola yenye kizuizi kinachoshushwa kwa kidole gumba. Mwenye hofu anaweza kusahau kukishusha. Ipo isiyo nacho. Hiyo haisamehi kidole kilichopotea njia. Uliza pia kama ilitengenezwa isijifyatue ikianguka, kwani wengi wetu tunapanda boda boda kwenye mashimo. Ala ngumu inayofunika kifyatulio chote ni muhimu kuliko chapa ya bastola yenyewe. Mkobani usiiweke kamwe: mkoba ndio kitu cha kwanza mwizi anachokamata, na ukiuachia umempa pesa na silaha kwa pamoja. Nyumbani iwe ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, mbali na watoto.

Hata ukitimiza yote hayo, fikiria jinsi wizi wa barabarani unavyotokea. Mwizi ndiye anayechagua saa na mahali, na mara nyingi haji peke yake. Mkono wako ukienda kiunoni, naye anauona. Hapo kilichokuwa wizi wa pesa kinaweza kugeuka mauaji.

Wapo wanaosema basi afadhali kukodi askari mwenye bunduki. Mei 2, 2023, waziri wa nchi wa kazi, Charles Engola, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Kyanja, Kampala, na aliyempiga ni mlinzi wake mwenyewe. Ikiwa waziri hakusalimika na bunduki iliyopewa kazi ya kumlinda, muuza vitenge asijidanganye kwamba bunduki ya kukodi ni dawa.

Kinachotutafutia maadui ni pesa taslimu, na hapo ndipo serikali zetu zina deni kwetu. Tangu 2018 Uganda hutoza kodi mtu anapotoa pesa kwenye simu, na kiwango kilichobaki baada ya malalamiko ni asilimia 0.5. Ukitoa shilingi milioni 5, kodi ni 25,000, kabla ya ada ya kampuni. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, na kwa mwaka umelipa 2,600,000. Usishangae mtu akiamua kufunga noti kwenye leso na kumwachia Mungu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari inamtambua mfanyabiashara mdogo: mzigo wake usiozidi dola 2,000 hupita kwa cheti kilichorahisishwa. Basi cheti hichohicho kimwondolee kodi ya kutoa pesa kwa thamani ya mzigo huo. Mapato yatakayopungua ni madogo kuliko gharama ya kufuatilia bastola zinazozagaa.

Tusingoje serikali peke yake. Kodi ile hutozwa kwenye kutoa pesa, si kwenye kutuma. Kwa hiyo mlipe mwenye ghala moja kwa moja kwa simu au kupitia benki. Huduma za kutuma pesa kwa simu kati ya Kenya na Uganda zipo. Ni kweli simu nayo ina matapeli, lakini namba ya siri ikiibwa bado unarudi nyumbani ukiwa hai. Safirini kwa kundi, ondokeni kumekucha, na siku ya kwenda kununua mzigo isijulikane kituo kizima cha boda boda.

Anayetaka bastola afuate sheria na achague kwa akili. Lakini kabla ya kuuliza bei yake, chama chako cha wafanyabiashara kimuulize mbunge wenu kuhusu ile asilimia 0.5.