Zima Hiyo Saa

Siku hizi hapa Nyeri ukimwuliza kijana anasoma nini, anakujibu kwa namba. Vitabu 50 kwa mwaka. Maneno 600 kwa dakika. Ako na programu kwenye simu inayomrushia neno moja moja katikati ya skrini, na mwisho inampa alama. Sasa mwulize kitabu chenyewe kilisema nini. Hapo ndipo mtandao unapotea.

Huu ni upuzi, na kuna watu wanatoza pesa kuufundisha.

Kwa vile wanaouza kasi wanapenda hesabu, tuanze na hesabu. Mwaka wa 2019 Marc Brysbaert, mtafiti wa Ubelgiji, alijumlisha matokeo ya tafiti 190. Alipata kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya husoma kama maneno 238 kwa dakika, na kama 260 ikiwa ni hadithi. Miaka mitatu kabla yake, makala ya Keith Rayner na wenzake ilipitia miongo ya utafiti kuhusu kusoma kwa kasi ikasema jambo ambalo hakuna mwalimu wa kozi atakuambia: ukikanyaga mafuta, uelewa unashuka. Anayesoma haraka na bado anaelewa ni mtu anayeijua lugha vizuri na amesoma sana. Basi. Hakuna ujanja wa macho.

Halafu hizo namba ni za Kiingereza. Chukua neno “hawatatusomea”. Kwetu ni neno moja. Mwingereza anahitaji maneno sita kusema hivyo. Ukijipima kwa kipimo chake utaambiwa uko nyuma, na kumbe umebeba mzigo mara sita. Hata walioweka vigezo vya Tusome, mpango wa kusoma ulioenea shule za msingi nchini kuanzia 2015, walijua hivyo: mtoto mwenye ufasaha alitarajiwa kusoma maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, na 45 kwa Kiswahili.

Sasa kuna mtu atasema, ati unapinga watoto kupimwa? Sipingi. Mtoto wa darasa la pili anayetumia sekunde tano kwa kila neno akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Huyo anahitaji kasi, na mwalimu anahitaji kujua. Lakini kile ni kipimo cha homa. Hospitalini hakuna anayeshindana kupata namba kubwa. Nimesikiliza mtoto Karatina akisoma kisa cha Kiingereza bila kukwama hata mara moja. Nilipomwuliza mbuzi alienda wapi, alinitazama tu. Mbele ya saa yule alikuwa amepita.

Na sisi watu wa Mlima ndio tungefaa kuwa wa mwisho kudanganyika. Karatina ni mji wa Gakaara wa Wanjaũ, aliyechapisha vitabu vya Gĩkũyũ, akafungiwa kizuizini kuanzia 1952 hadi 1959, na shajara yake ya huko ikashinda tuzo ya Noma mwaka wa 1984. Jaribu kumsoma mbio. Maandishi ya Gĩkũyũ hayaonyeshi toni. Lazima uisikie sentensi nzima kichwani ndipo ujue neno linatamkwaje. Ile lugha yenyewe inakukataza kukimbia.

Kama hiyo ni ya wazee, wacha nikupe ya juzi. Mwaka wa 2024 vijana wa nchi hii walichukua Mswada wa Fedha, karatasi kavu kuliko zote zinazoandikwa Kenya, wakausoma kifungu kwa kifungu. Wakapata VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Wakapata ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Wakatafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kwa video, wakajaza barabara hadi hapa Nyeri. Tarehe 26 Juni Rais akatangaza hatatia sahihi. Kuna waliouawa, na deni lao halijalipwa. Niambie: ni nani kati ya wale alikuwa anahesabu maneno kwa dakika? Walirudia kifungu kimoja mara tatu, mara nne, wakaulizana maana yake.

Ndiyo maana nasema msomaji wa mbio ana faida, ila si kwake. Kampuni ya mikopo ya simu inampenda sana. Anateremsha masharti kwa kidole gumba, anabonyeza “nakubali”, na riba anaijulia kwa ujumbe wa kumdai.

Unataka kusoma vizuri zaidi? Soma kila siku, hata kurasa kumi. Soma kwa sauti ukiwa peke yako. Soma Kiswahili na lugha ya nyumbani, usikiachie Kiingereza peke yake. Kasi itakuja yenyewe, vile miguu huzoea njia ya shamba. Na ukitaka kipimo, funga kitabu umweleze cũcũ ulichosoma, kwa lugha yake. Akiuliza swali likushinde, fungua tena ukurasa ule, bila saa.